Nyama Chini ya Isombe

Mnicheke tu, nimestahili. Asubuhi ile niliondoka Kibagabaga na mkoba wangu, sijui nitalala wapi. Nilipofika mtaa wa Biryogo nikasikia Mama Zubeda anatafuta meneja wa mgahawa wake, na kazi ina chumba. Shule niliiacha mapema, lakini nimekula kwenye migahawa mingi, nikajiona nafaa, nikaenda kwake.

"Kula kwanza, mwanangu," akasema. "Mwenye njaa hajibu vizuri."

Pale ni melanje: unajipakulia mwenyewe, unapita mara moja, nyama kipande kimoja. Nikajaza sahani ikawa kilima, nikaketi mbele yake.

"Sasa niambie. Nyama yangu inaisha kabla wateja hawajaisha. Wanaificha wapi kwenye sahani?"

Swali hilo lilikuwa langu! Nikaeleza kwa madaha kwamba mjanja hafichi chini ya wali, maana wali unaporomoka. Anailaza chini kabisa, anaifunika kwa isombe, yale majani ya muhogo, kisha juu anaweka kipande kimoja cha heshima.

"Eh! Iko hivyo?"

"Kabisa, mama. Meneja makini anaitambua sahani hiyo kwa macho tu."

Wapishi walishaacha masufuria yao wanasikiliza. Mama Zubeda akaitazama sahani yangu, akachukua uma, akafunua isombe taratibu. Juu kilikuwa kipande kimoja cha heshima, chini yake viwili.

"Mwanangu, umenifundisha kipande cha pili kinavyofichwa. Hiki cha tatu ni cha nani?"

Jikoni kukalipuka kicheko. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akashika meza.

"Peleka mkoba chumbani. Umeneja hapana. Wewe utanilindia nyama."