Klavye ya Vipande Viwili

Kuingia chumba cha kompyuta cha ofisi yetu, pale Bukavu, ilikuwa lazima uvue viatu. Mzungu aliyeifunga mashine ile alisema vumbi ni adui yake, kisha akaondoka zake, na sisi tukaifanya kauli yake kuwa amri. Mkurugenzi wetu, ambaye wote tulimwita shefu, alivua viatu mara moja tu, siku ya uzinduzi, na kidole gumba chake kikaonekana mbele ya wageni kikichungulia kwenye tundu la soksi. Hakurudia tena. Tangu hapo alisimama mlangoni, abakosti yake, koti rasmi la wakati ule, imepigwa pasi hadi inang'aa, akasema nami kutoka hapo. Mtu yule aliujua mgongo wangu kuliko uso wangu.

Nilikuwa nimejifunza kupiga mashine kwa masista, kitambaa kimefungwa juu ya mikono ili tusione herufi, na nilikuwa dactylo, yaani mpiga chapa, wa mradi wetu wa kugawa mbegu kwa miaka mingi. Kompyuta ilipokuja, wanaume wa ofisi waliikwepa. Waliona ina herufi kama mashine ya kuandikia, wakasema hiyo ni kazi ya wanawake. Basi nikapewa mimi, pamoja na kitabu kinene cha Kifaransa ambacho hakuna aliyekifungua. Nikakifungua. Baada ya mwaka nilikuwa naandika programu mwenyewe: orodha za wakulima kuanzia Kasha hadi Bunyakiri, nani kapewa maharagwe gani, mlima upi mihogo yake imeingiwa na ugonjwa. Wanaume walipogundua kwamba ile ilikuwa kazi ya kichwa, walijuta, na mimi nilifurahia majuto yao bila kujificha.

Halafu mikono ikaanza kuniuma.

Ilianza kidole kidogo cha mkono wa kulia, ikapanda kwenye kifundo, ikahamia na kushoto. Klavye ile, ubao wa herufi wa kompyuta, ilikuwa nyembamba, na kuiandikia ilibidi viwiko vibanwe mbavuni na viganja vipinde kwenda nje, saa nane kwa siku. Nyumbani sikuweza kukamua nguo. Sikuweza kusonga bugali. Mwiko ulinitoka mkononi mbele ya mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mudaka, naye akaunyanyua mwiko, akasonga mwenyewe, na wiki nzima hakuacha kulisema jambo hilo kwa kila aliyepita. Majirani walisema nimepakiwa kitu kwenye kitasa cha mlango wa kazini, kwa wivu. Muuguzi wa zahanati alinichoma sindano ya malaria na kuniambia nipumzike.

Kupumzika! Katika ofisi ile aliyepumzika alirudi akakuta mtu kakalia kiti chake. Mume wangu alikuwa mwalimu, na kila mtu anajua walimu wa Zaïre walikula nini wakati ule. Nyumba yetu ilisimama juu ya mikono yangu hii miwili. Ikifa, tumekwisha. Kwa hiyo nilinyamaza, nikawa naweka beseni la maji baridi chini ya meza, na mlango ukiwa umefungwa naitumbukiza mikono humo.

Fundi Mbelgiji ndiye aliyenifumania na beseni. Alikuja kukaa nasi mwezi mmoja kutengeneza mashine. Hakucheka wala hakuuliza mengi. Alinionyesha vifundo vyake mwenyewe, akasema ugonjwa huo anaujua. Kesho yake alikuja na kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kaka yake, kule kwao, alikuwa amechukua klavye, akaikata katikati, kila nusu akaitia katika kisanduku chake cha mbao, na visanduku viwili akaviunganisha kwa waya mnene unaochomeka na kuchomoka. Unaweka kimoja mbele ya bega hili, kingine mbele ya bega lile, unaviinamisha kidogo, na mikono inakaa jinsi ilivyoumbwa kukaa.

Siku za kwanza niliitukana klavye ile. Vidole vilizoea kuvuka upande usio wao, na pale katikati sasa palikuwa na meza tupu. Wiki ya pili vikakubali. Wiki ya tatu niliamka asubuhi nikafunga ngumi, ikafungika. Jumamosi ile, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, nilisonga bugali wa nyumba nzima, mgumu, wa muhogo mtupu, na mama mkwe wangu, aliyekuwa amerudi kututembelea, alinitazama nikisonga. Nilimwongezea tonge kwa makusudi.

Fundi alipoondoka aliniachia. Alisema kwa mdomo, mbele ya shefu, kwamba ile klavye ni ya maman wa kompyuta. Lakini shefu alikuwa mtu wa karatasi. Alitaka karatasi ya mapokezi. Fundi alikuwa ameichomoa waya ili aifute vumbi, na visanduku viwili vilikuwa juu ya meza ya shefu, mbalimbali. Shefu akaona vitu viwili. Akaandika kwa mkono wake: klavye mbili, zimepokelewa katika hali nzuri. Akapiga muhuri. Fundi alitia sahihi bila kusoma, gari likiwa limeshawashwa nje kumpeleka mpakani, na nakala moja ya karatasi ile ikaenda Kinshasa.

Mchana shefu alisimama mlangoni pangu, amejaa furaha ya mtu anayegawa.

"Maman, tumepata klavye mbili. Moja itabakia kwako, ingine itaenda Bunyakiri. Na bale ba kule beko bantu."

Nilimweleza. Nilimweleza polepole, halafu haraka, halafu polepole tena, kwamba klavye ni moja, imekatwa, nusu hii haina maana bila nusu ile. Alinisikiliza kichwa kimeinama upande, na nikaona usoni mwake anachokiona yeye: mwanamke mchoyo anayetaka zote mbili. Nikamwambia aingie nimwonyeshe. Hakuingia. Basi nikakichomeka kipande cha kushoto peke yake, nikapiga herufi zilizokuwepo, a na z na e na r, zikatokea kwenye kioo. Nikageuka kumwambia aone, hakuna m, hakuna n, hakuna o, hakuna hata kitufe cha kukata mstari.

"Si inaandika?" akasema kutoka mlangoni. "Miye naona inaandika."

Nafikiri baadaye alielewa. Hakuwa mjinga. Lakini karatasi yenye muhuri ilikuwa imesema mbili, na kuirudia ingekuwa kukiri Kinshasa kwamba mkurugenzi hajui kuhesabu visanduku. Kwa hiyo zilikuwa mbili. Kipande cha kulia kikapakiwa kwenye lori la mradi kwenda Bunyakiri, ambako hakukuwa na kompyuta wala umeme wa kuiwasha.

Nikarudi kwenye klavye ya zamani, na maumivu yakarudi na riba. Ikafika mahali nashindwa kushika kikombe. Kazi ikachelewa, orodha zikatoka na makosa, na siku moja sauti ya mlangoni ikaniambia kwa upole kwamba kama nimechoka, kuna mpwa wake aliyesomea mashine hizi Bujumbura. Upole ule ulinitisha kuliko matusi. Juma hilohilo niliomba ruhusa ya kwenda Bunyakiri kuhakiki orodha ya wakulima. Nilikuwa nakwenda kuchukua kilicho changu, na sikujali kwa njia gani.

Barabara ilikuwa matope, lori lilikwama mara mbili, na nilifika nimechafuka hadi shingoni. Ajenti wa mradi kule alikuwa mwanamume wa makamo, abakosti yake imeshonwa viwiko kwa kitambaa cha rangi nyingine. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kilichonuka dawa ya mbegu. Magunia yalijaa hadi dirishani, isipokuwa juu ya meza, ambako palitandikwa kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa palikuwa na kipande changu. Waya wake ulikunjwa vizuri na kufungwa kwa ukamba wa mgomba.

Alifurahi mno kuniona. Shefu alikuwa amemwandikia kwamba anatanguliziwa klavye wakati akingojea kompyuta, naye alikuwa akingoja kwa bidii. Kila siku wakulima wakiondoka aliketi hapo akajifunza. Alifumba macho anionyeshe. Mkono wake wa kulia, mkono wa jembe, ukatembea juu ya vitufe, naye akizitaja kwa sauti: y, u, i, o, p. Hakukosea hata moja. Aliniuliza kama vidole vyake vinakaa sawasawa, na kwa kweli vilikaa sawa kuliko vya wasichana wengi niliosoma nao.

"Niko najifunza, maman," akasema. "Sitaki ordinateri inikute mujinga."

Kisha akauliza, kwa haya kidogo, kuhusu herufi nyingine, a na e na zile ambazo hazionekani. Alikuwa amefikiri sana, akaamua kwamba hizo zitakuja ndani ya kompyuta yenyewe.

Ningeweza kumwambia kweli. Nilikuwa nimeiandaa njiani: tumeonewa sote wawili, nipe kipande hiki, tutafute namna. Pengine angenipa. Pengine angesema tumwandikie shefu kwanza, maana alikuwa mtu wa utaratibu, na shefu angekataa. Nilitazama mikono yangu iliyovimba nikasema kwamba kompyuta yake imekwisha kufika Bukavu, kwamba klavye lazima irudi kwanza tuiunganishe nayo, na kwamba yeye ataitwa kwa mafunzo. Uongo ule ulinitoka kama salamu.

Alikifunga kipande ndani ya kile kitambaa cheupe. Alikibeba mwenyewe hadi kwenye lori na akakataa dereva asikiweke pamoja na magunia, alitaka nikipakate. Hakuniomba karatasi. Njia nzima ya kurudi nilikipakata, na siwezi kusema hapa kwamba nilikuwa na aibu. Nilikuwa na furaha.

Mikono ikapona tena. Kazi ikaenda, mpwa wa Bujumbura akasahauliwa, na sifa zikanijia kutoka mlangoni. Shefu hakuona kitu, maana mgongo wangu uliziba meza. Barua ya kwanza kutoka Bunyakiri iliuliza, kwa heshima nyingi, tarehe ya mafunzo. Niliitia kwenye droo. Ya pili niliitia juu ya ya kwanza.

Alikuja mwenyewe, wakati wa mvua, bila karatasi ya kumruhusu kuacha kazi. Nilimsikia ofisini kwa shefu, upande wa pili wa ukuta, akieleza. Kisha nikamsikia shefu akiuliza kompyuta gani, nani aliyemwita, na mwisho, kwa sauti iliyobadilika, klavye ya mradi aliyokabidhiwa iko wapi. Wakaja wote wawili mlangoni pangu.

"Maman," shefu akasema, "ulikamata klavye ya Bunyakiri?"

Mikono yangu ilikuwa juu ya vipande vyote viwili. Sikugeuka.

"Hapa kuna klavye moja tu, Citoyen Directeur."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli ileile niliyomlilia miezi iliyopita akaikataa. Sasa aliipokea mara moja.

Yule ajenti aliingia. Alisimama kando ya bega langu, nikasikia pumzi zake na harufu ya dawa ya mbegu, na sikuthubutu kuinua macho. Alivitazama visanduku viwili, waya kati yao, mkono wangu wa kushoto na mkono wangu wa kulia.

"Kumbe iko ya mikono mbili," akasema taratibu.

Kisha akamwambia shefu kwamba yake ni hii, kipande hiki cha huku.

"Kipande?" shefu akasema. "Miye nilikupatia klavye. Sikukupatia kipande. Ile ya maman naiona. Ya kwako iko wapi?"

Ajenti alijaribu kueleza. Alieleza polepole, halafu haraka, kwamba ni kitu kimoja, kimekatwa. Niliyajua maneno yale yote, na nilijua kichwa cha shefu kimeinama upande gani. Alipoishiwa, aliinama karibu na sikio langu.

"Maman, umuambie."

Nimejiambia mara nyingi kwamba shefu asingesadiki, kwamba karatasi ilikuwa na nguvu kuliko sisi wote. Labda. Lakini nilikuwa na barua zake mbili kwenye droo iliyogusa goti langu, na nilikuwa na mdomo. Alirudia mara ya pili, kwa sauti ndogo zaidi, akiniita maman. Nilikuwa na mstari wa programu ambao haujaisha. Nikaendelea kuuandika, na mikono haikuniuma hata kidogo.