Kiboko Aliyeondoka na Plombo ya Papa

Enzi zile tukiwa watoto hapa Kisangani, miaka ya hamsini, mvua ilinyesha mpaka bata walikuja kubisha hodi. Wa rika langu mnaosoma haya mnajua sisemi uongo, naongeza chumvi kidogo tu. Mnakumbuka lituma ya mama zetu? Ndizi zilipondwa kwa kishindo mpaka jirani wa nyumba ya tatu alijua leo mnakula nini. Mnakumbuka nzango, sisi wasichana tukiruka na kupiga makofi hadi vumbi likatufanya weupe kuliko masista? Shule ilikuwa mbali, tulikwenda kwa miguu na tulifika tukicheka. Watoto wa leo, kutoka kitandani mpaka mlangoni wanataka kuita toleka, baiskeli ya kubeba abiria.

Lakini kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni wavu wa papa, baba yetu.

Ulikuwa wavu wa kutupa, alioufuma mwenyewe, na ukingo wake wote ulizungukwa na vipande vya plombo, yale madini ya risasi, laini na mazito. Papa alipotembea nao begani, plombo ziligongana na sisi watoto tulijua yuko wapi bila kumwona. Akifika majini aliuma upande mmoja wa wavu kwa meno, akazungusha kiuno, akauachia. Ulifunguka hewani mduara mzima, nasema kweli ungeweza kufunika kanisa, kisha plombo zikaupeleka chini kwa pamoja, pwa! Samaki hawakupata hata muda wa kuagana. Nyumba yetu ilinuka samaki wabichi mwaka mzima, nasi tulidhani hivyo ndivyo nyumba zote zinavyonuka.

Mama naye alikuwa na shamba la mpunga kwenye kingo za mto, chini kidogo ya mji. Watu wetu walitoka Maniema, na mtu wa Maniema bila wali hulala na njaa hata akila mbuzi mzima. Mpunga ulipoanza kukomaa, mimi na mdogo wangu Ramazani tulikwenda alfajiri kufukuza ndege kwa kelele na makopo. Kazi tamu ile. Unalipwa wali kwa kupiga kelele, ndoto ya kila mtoto.

Mwaka mmoja akaja kiboko. Si kiboko wa mchezo, alikuwa mkubwa kama lori la mission likiwa na mizigo yake. Alipanda kutoka mtoni usiku, akala, akakanyaga, akaondoka. Kila asubuhi mama alikuta kipande kingine kimelala chini.

Ndipo akaingia Tonton Sefu, mdogo wake papa, aliyekuwa mpishi wa Mgiriki mmoja mwenye duka, tuliyemwita Patron Kosta. Patron alikuwa na bastola, zile zinazojijaza zenyewe, na aliipenda kuliko mke wake aliyebaki kwao. Risasi zilikuwa zimemwishia. Alibaki na maganda matupu, fataki, baruti kidogo na kalibu ya kusubu vichwa vya risasi. Tonton alimweleza habari za kiboko, na Patron akawaka. Kiboko yule angemwua yeye mwenyewe, kwa risasi alizotengeneza kwa mkono wake, nzito kupita zote. Kilichokosekana ni plombo. Mto ulikuwa umepungua, meli hazikufika, na mjini hapakuwa na plombo hata ya dawa.

Tonton akatutuma sisi watoto kwenye majalala ya Wazungu kuokota mirija ya dawa ya meno, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa ya plombo. Tulizunguka kama kunguru. Ilipoyeyushwa yote, haikujaza kijiko. Basi jioni ile Tonton aliketi barazani kwetu, akautazama wavu uliotundikwa, akautazama tena.

"Sefu," papa akamwambia, "toa macho yako pale."

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita mkubwa wetu, "ni kwa siku mbili tu."

"Wavu bila plombo iko nini? Iko nguo. Utaivaa?"

Mama alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Papa Zaina," akamwita kwa jina langu, "samaki iko ku mayi ya mto kila siku. Mupunga yangu, kiboko akimaliza, imeisha. Watoto watakula nini mpaka mwaka kesho?"

"Bon, na plombo yangu, nani atairudisha?"

Tonton akasogea karibu, macho yanang'aa. "Yaya, plombo haipotei. Inaingia mu kiboko, si ndiyo? Kiboko anakufa. Tunamupasula, tunatosha plombo yote mule ndani, unarudisha ku wavu. Na nyama tunakula juu yake."

Papa akaanza kucheka. Tulicheka wote. Lilikuwa jambo linaloeleweka kabisa! Akachukua kisu, akakata vipande vya plombo kimoja kimoja, na kila kimoja alikipima kiganjani kabla ya kukitia kwenye mkebe.

Kesho yake plombo iliyeyushwa nyuma ya duka, katika sufuria ambayo mama alipikia pondu, majani ya muhogo. Iling'aa kama mwezi uliomwagika. Patron alisubu vichwa vyake, akavipima kwenye mizani ya chumvi, akachekelea. "Kiboko kubwa, risasi kubwa," alisema. Baruti aliigawa kwa uchoyo, kama mwenye nyumba anavyogawa sukari mwisho wa mwezi.

Alfajiri iliyofuata tulikuwa wote shambani. Sisi na makopo yetu, mama na papa nyuma yetu, Tonton na Patron walikuja kwa mtumbwi, wakauacha ukingoni, na mkebe wa risasi zilizobaki ukiwa ndani. Kiboko alikuwa bado anakula. Patron akasimama vizuri, kama mtu anayepigwa picha, akafyatua.

Risasi ilimpata kiboko matakoni. Niliona ngozi ikitikisika. Sasa, bastola ya namna ile ikipiga, chuma cha juu hurudi nyuma, kikatema ganda, kikavuta risasi nyingine. Kwa kichwa kizito hivyo na baruti ndogo hivyo, chuma kilirudi nusu ya safari, kikaliuma ganda na kugoma. Patron alivuta, akatukana Kigiriki, akavuta tena.

"Patron, piga," Tonton akamnong'oneza.

"Inapiga na nini? Na meno?"

Kiboko akageuka. Sijui nani alikimbia kwanza, ila mama alinipita akiwa na Ramazani mgongoni. Yule mnyama hakutufuata hata hatua moja, alitaka mto wake tu. Alipita katikati ya mpunga ulio bora kuliko wote, akakanyaga mtumbwi ukafunguka kama ganda la karanga, akazama. Na mkebe ukazama pamoja naye.

Papa alisimama ukingoni. Plombo yake karibu yote ilikuwa imerudi mtoni, ila bila wavu. Kipande kimoja kilikuwa kinaogelea kuelekea Isangi, huko chini ya mto, ndani ya kiboko.

Papa alijaribu. Alifunga mawe, akafunga vigae, lakini wavu ulianguka kama nguo iliyodondoka kambani, na samaki walitoka chini yake wakitembea. Mpunga tuliovuna haukufika mbali. Meli za kwanza ziliporudi, zilimchukua papa kuwa baharia, akapanda na kushuka mto, na kwetu alikuja kama mgeni. Alituletea makayabu. Samaki wa chumvi wa kununua, nyumbani kwa mvuvi. Mama aliwapika, tukala. Baadaye plombo ilijaa madukani, lakini papa alishazoea mshahara, na bega lake lilikuwa limeshalegea.

Mama hakumlaumu Sefu mbele yetu. Ila miaka mingi baadaye, alipokuja kunipokea nikitoka shule ya jioni niliyosoma ukubwani, aliniambia: "Ni mimi nilisema kuhusu mupunga. Papa yenu alikuwa amekataa."

Siku hizi wavu unanunuliwa sokoni, wa nailoni, plombo zake zimeshafungwa, na vijana wanauona kitu cha kupigia picha. Ramazani naye, mzee mwenye mvi, mwaka juzi alinunua mmoja. Akaenda nao mtoni asubuhi, mavazi safi, wajukuu nyuma. Alirudi adhuhuri, wavu mkavu kama alivyoununua.

Nikamwuliza vipi, mto umehama?

Akautua mlangoni, akakaa. "Yaya," akasema, "sikujua papa alikuwa anaanza kutupa na mukono gani."

Nami sikujua.