Hodi Iliyotoka Kwenye Santuri

Mtu akikwambia kisa hiki ni cha kutunga, mlete Kiegeani nimwoneshe nyumba. Ipo, imeezekwa makuti mapya, na aliyeijenga ni mimi. Siingii. Kwa nini siingii ndiyo nataka kukueleza, na majina nitayataja, maana wenyewe hawakuona haya: Hemedi bin Sefu wa Baleni, na mama yake Bi Tatu.

Kusoma sikusoma sana. Lakini enzi zile za Mwingereza, Kiegeani nzima, wa kwanza kuwa na mashine ya santuri nilikuwa mimi. Niliinunua kwa mbata za minazi yangu. Sahani ilizunguka kwa kutiwa ufunguo, na kichwa chenye sindano kilikuwa na waya ulioingia kwenye redio ya betri, sauti ikatokea humo. Alasiri baraza yangu ilijaa watu. Mke wangu Mwanahawa akipita na birika la kahawa, watu walimwita mke wa mwenye mashine, naye akicheka. Kicheko kile ndicho kilichokuwa mali yangu. Nakwambia kweli.

Halafu Hemedi akarudi kutoka Dar es Salaam, alikokuwa kwa fundi wa redio. Mashine yake ilikuwa kama yangu tu, ila kati ya kile kichwa na redio aliweka kijisanduku cha chuma kiasi cha kopo la samli. Akakiita transfoma. Ndani ni nyaya zilizozungushwa kwenye chuma, basi. Hakili betri, hakitiwi ufunguo. Sauti inaingia huku ndogo, inatoka kule kubwa. Harusi zote zikahamia kwake. Barazani kwangu wakabaki kuku.

Hilo ningelivumilia. Lakini Mwanahawa alirudi kutoka harusini Baleni, akakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, akasema polepole, "Ya Hemedi, bwana, mwimbaji akivuta pumzi unamsikia. Utadhani yuko chumbani na wewe."

"Na yangu?"

"Yako mtu anaimba ndani ya mtungi."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Umewahi kumsikia mkeo akilitaja jina la mwanamume mwingine kwa sauti laini vile?

Nikaenda Baleni. Nilipiga hodi mpaka koo likakauka. Bi Tatu alikuwa pale pale barazani anasuka ukili wa mkeka, ananitazama, hajibu. Kwetu hodi haikosi jibu hata kwa adui. Nikasema moyoni, haya ni maringo ya mwenye mtoto wa Dar.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuazima masikio?"

Hemedi akatoka anacheka. "Kaka, mashine yako bado inakohoa? Ipeleke hospitali."

Nikamwomba anieleze nitapata wapi kijisanduku kama kile. Nilitegemea aringe. Kumbe akaingia ndani, akakifungua kile kile chake, akanitia mkononi. "Chukua. Nimekichoka."

Bi Tatu akaacha kusuka. "Mwambie basi."

"Nimwambie nini, mama? Mtu mzima huyu."

Mama akaurudia ukili wake. Nami kwa wivu wangu nikaona nimepata, nikaondoka mbio.

Nilikifunga siku ya pili, jua la utosi, watu wamejificha majumbani. Unajua santuri, kabla wimbo haujaanza huchachatika kidogo, kama mafuta kikaangoni. Kwenye mashine yangu nilikuwa sijasikia zaidi ya hapo. Sasa ule mchachatiko ukatulia kama maji ambayo tope lake limetuama, na ndani yake nikasikia mwanamume anapumua. Kisha akasema, taratibu, karibu kabisa:

"Hodi."

Wewe ungefanyaje? Tangu tunanyonya tumefundishwa. Nikageuka mlangoni, na kinywa kilishasema, "Karibu." Na uani, Mwanahawa naye akaitika, "Karibu ndani."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Nilipogeuka tena, mkekani kwangu ameketi mwanamume, kanzu safi, kanipa mgongo, kichwa kakilaza upande wa redio. Wimbo ukaanza. Amini usiamini, sikuanza kwa kuogopa. Nilianza kwa wivu. Alikaa pale ninapokaa mimi.

"Nani mwenzangu?" nikauliza. Hakugeuka.

Springi ikaanza kulegea, wimbo ukawa mzito, unajikokota. Naye akawa mzito. Niliyaona mabega yake yanapanda na pumzi, polepole, polepole, yakakwama nusu. Sahani iliposimama, hayupo. Ila mkeka ulikuwa umebonyea, kama aliyeukalia hajainuka.

Mwanahawa alisimama mlango wa uani, mikono ina machicha ya nazi. "Tia ufunguo, bwana," akasema. "Mgeni hajamaliza kusikiliza."

Sikutia. Kesho yake niko shamba, nikausikia wimbo unatoka nyumbani. Nikarudi, nikaivunja mashine kwa mchi wa kinu, na kile kijisanduku nikaenda kukizamisha baharini. Mwanahawa hakulia wala hakunizuia. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayempiga mtu mzima.

Narudi kutoka pwani alasiri, mlango umerudishwa. Mwanamume wa kwetu hata kwake hupiga hodi, huenda ndani mna wanawake wageni. Nikapiga hodi. Ndani nikasikia kicheko cha mke wangu, kile kile. Kisha sauti ya kiume, safi, mpaka pumzi unaisikia:

"Karibu, mgeni."

Nikageuka, nikashika njia ya Bweni.

Sasa niko Bweni kwa dada yangu, nakwea minazi ya watu. Dada akifika mlangoni hukohoa tu, kisha akaingia, maana hodi siiitikii tena, kama Bi Tatu. Wapitao Kiegeani huniambia Mwanahawa amenawiri, kahawa inanukia mpaka njiani. Nikiuliza huyo mume mpya ana sura gani, husema, "Hatujamwona. Tunamsikia." Na Hemedi nikikutana naye ananiambia bila haya, "Kaka, si ulitaka mwenyewe?"

Basi wewe unayehangaika sauti ya mashine yako iwe safi kuliko ya jirani, iache ikohoe. Na ikitakata, ukasikia mtu anabisha humo ndani, uma ulimi, na mkeo mwambie aume wake. Mimi niliitika mara moja tu. Sasa mwenye kukaribisha watu nyumbani kwangu ni yule aliyebisha.