Njuga za Shirika

Kila nikifungua kabati la njuga la shirika letu la dansi ya Kihindi, ambalo sasa naliongoza mimi, Mungu anisamehe, harufu ya shaba iliyolowa jasho inanipanda puani na hasira yangu ya utotoni inarudi nzima.

Siku volkano ilipolipuka, majirani wote wa Majengo walibeba magodoro na masufuria. Mama, aliyefundishwa dansi hiyo na mke wa Mhindi mwenye duka, akabeba ngoma mbili za shirika. Njuga zikakosa wa kuzibeba.

"Leta miguu," akaniambia.

"Mama, na sufuria?"

"Sufuria inauzwa kila mahali!"

Akanifunga njuga zote. Nikatembea nikilia chwa-chwa katikati ya umati uliokimbia moto. Muzee mmoja akauliza, "Uyu mutoto anaenda kucheza arusi ya nani?"

Mama, mbele, hakugeuka hata mara moja. Nikachoka kuchekwa. Nikaketi juu ya jiwe, nikanuna. Njuga zikanyamaza.

Mbele yangu ngoma zikaanguka kwa kishindo. Mama akatokea ndani ya moshi akikimbia, mikono mitupu.

"Tembea!" akafoka. "Nani alikuambia unyamaze?"