Kipima Moshi Shingoni mwa Mke wa Shemeji

Ninyi vijana mnaovaa saa za kuwahesabia mapigo ya moyo, tulieni kidogo niwaambie. Kifaa cha kwanza cha namna hiyo kuonekana hapa kwetu, nje kidogo ya Sumbawanga, kilikuwa cha kupima moshi, na kilivaliwa na mke wa shemeji yangu. Si mimi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya mjini yakajaa redio na mitumba kutoka Tunduma, na kila mtu akataka kitu asichonacho jirani. Akaja binti mtafiti wa chuo kikuu. Aliniamkia vizuri, akaingia jikoni kwangu, akatazama dirisha. Akasema moshi ukitoka kwenye kuni hupanda kwa utulivu, tabaka kando ya tabaka, kama uzi ulionyooka. Ukifika juu kidogo unavurugika na kusambaa, ndipo unapomwingia mpishi kifuani. Hilo nililijua kabla hajazaliwa. Shule sikukaa sana, lakini jikoni nimekaa.

Kisha akavuka ua, akamvalisha mwenzangu, huyo mke wa shemeji. Kitu kidogo kama kiberiti, kinaning'inia shingoni, taa nyekundu inawaka. Ndani, alisema, mna kipande chembamba kuliko ukucha. Moshi ukikigusa, umeme wake unabadilika, na kifaa kinaweka kumbukumbu. Akivaa siku tatu na jiko likionekana baya, atajengewa bomba la kutolea moshi.

Mwenzangu alikuwa anakohoa, na jiko lake halikuwa na dirisha. Mimi sikuyaona hayo. Niliona taa. Wanawake wakitoka kuchota maji wakawa wanasimama kwake, mimi mkubwa wa mji huu wananipita kama kigingi cha mbuzi.

Asubuhi nikamwendea. "Nipe na mimi nivae kidogo."

"Chukua dada, mimi kinaniwasha shingo. Ila usikitumbukize kwenye maharage."

"Mimi si mtoto."

Siku zote tatu nilikichukua kabla hajawasha moto, nikapika nacho kwangu, penye dirisha na kuni kavu, nikamrudishia usiku akiwa ameshapika. Nilikwenda nacho hata kwa majirani nisiokuwa na shida nao.

Binti aliporudi alikichomeka kwenye mashine yake, akatabasamu. "Hongera mama, jiko lako halina neno. Bomba litakwenda kwa mama mmoja wa Chala."

Mwenzangu akasema ahsante, akakohoa mpaka akashika nguzo.

Nikasema mbele yao, "Nilikivaa mimi."

"Siku ngapi, mama?"

"Zote."

"Basi nimepima jiko lako. Na kesho narudi chuoni, mabomba yameshagawiwa."

Mwenzangu hakunitukana. Alicheka. "Dada na wewe! Ungesema unakitaka, ningemwambia akuvalishe wewe tangu mwanzo." Binti akamshika mkono, akampa pole. Hata hapo, vijana, nilimwonea wivu kwa kushikwa ule mkono.

Gari lilipoondoka niliwaita wanangu na wake zao uani, nikawaambia: "Leo haendi mtu shamba. Ng'oeni bati la ghala langu, mlikunje liwe bomba, mtoboe ukuta wa jiko la mama yenu mdogo. Mpaka moshi utoke nje, yeye hapiki. Nitampikia mimi, na mtamtengea yeye kwanza."