Fundi Anayeuliza Majibu Anayoyajua

Je, msomaji, umewahi kutafuta umri wa mwanao kwa hesabu, na hali ulimzaa mwenyewe?

Saa kumi jioni, fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, anafunika cherehani yake kwa kitambaa cha maua. Anakung'uta nyuzi zilizomganda kwenye gauni, anafunga mlango, anausukuma kuhakikisha umeshika. Kisha anavuka barabara hadi shule ya msingi, ambako watoto wameshatawanyika na madawati yamebaki kwa watu wazima wa masomo ya jioni.

Madawati yenyewe ni ya watoto, magoti hayaingii. Fundi hukaa upande, miguu yote njiani.

"Fundi, kunja miguu watu wapite," anamchokoza dereva wa lori aliye nyuma yake.

"Wewe kunja tumbo kwanza," anajibu bila kugeuka.

Aliishia darasa la saba. Wenzake wengi hapa wanatafuta cheti. Yeye cheti hakimsumbui. Anachofuata ni mafumbo ya aljebra, yale maswali ya maneno yenye kitu kimoja kisichojulikana.

"Ni kama kazi yangu," anasema. "Mteja anakuletea maneno chungu nzima: ibane hapa, iachie pale. Wewe unatafuta kipimo kimoja kinachokosekana. Ukishakipa jina, ukakiita x, vingine vyote vinakifuata."

Anatoa kipande cha chaki ya kukatia na kuchora shati juu ya dawati. Urefu wa mbele, sentimita sitini. Kifungo cha juu kikae sentimita nne chini ya shingo, cha mwisho kumi na moja juu ya pindo. Vifungo vyenyewe sita.

"Mgeni atagawanya kwa sita, aharibu shati la watu. Vifungo sita vina nafasi tano. Basi x mara tano, jumlisha kumi na tano, ni sitini. Toa kumi na tano, gawanya kwa tano. Tisa." Anafuta chaki kwa kiganja.

Nyumbani kwake ni nyuma ya chumba cha kazi. Kuna kitanda, meza, na viti viwili. Kiti kimoja kimelundikwa vitambaa vya wateja kwa sababu hakuna anayekikalia. Sufuria anayopikia ni ndogo, ya chakula cha mtu mmoja. Mumewe amefariki. Binti yao wa pekee aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa, akapata kazi kwenye bohari ya dawa katika mji wa mbali. Imepita miaka minane. Mara ya mwisho alikuja kumzika baba yake, akalala siku mbili, akarudi kazini.

Muhula uliopita mwalimu aliandika fumbo hili ubaoni: umri wa mama ni mara tatu ya umri wa bintiye. Baada ya miaka kumi na miwili, utakuwa mara mbili. Binti ana miaka mingapi?

Fundi aliuita umri wa binti x, wa mama 3x. Hadi hapo sawa. Kisha akaandika: 3x + 12 = 2x. Jibu likatoka hasi kumi na mbili.

"Hongera, Fundi!" dereva alipiga dawati. "Huyo mtoto hajazaliwa, na hata baba yake hujamwona!"

Darasa lote lilicheka, naye akacheka. Mwalimu akasogea, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mama, umejiongezea miaka wewe peke yako. Binti umemwacha palepale. Miaka ikipita, inapita kwa wote wawili."

Kicheko kilimkauka.

"Nilikuwa nimemtumia binti yangu gauni mwezi ule," anasimulia. "Nilikata kwa vipimo nilivyonavyo kichwani. Akanipigia: Mama, halipiti mabegani. Mimi nikalaumu kitambaa! Kumbe nimemshonea msichana wa miaka kumi na tisa. Msibani alikuwa mbele yangu, lakini nani anapima mtu msibani?"

Siku ile alisahihisha: 3x + 12 = 2(x + 12). X ni kumi na mbili. Tangu hapo hakulikosa tena fumbo la umri.

Lakini kila Jumamosi humpigia bintiye, aliyekuwa hodari wa hesabu shuleni, na kumwambia limemshinda.

"Nikimuuliza habari, ananijibu nzuri, Mama, niko kazini. Simu imekwisha. Nikimpa fumbo, anakaa. Anahangaika na mimi mpaka jibu litoke." Anatazama mikono yake. "Kwa hiyo nakosea. Nakosea kwa makusudi kabisa."

Jumamosi hii anapiga pasi suruali za sare. Kwa kuwa mikono ina kazi, simu ameilaza mezani na kuwasha spika.

"Mwanangu, kuna fumbo hapa limenitoa jasho. Mama na bintiye…"

"Mara tatu, halafu mara mbili?"

"Hilohilo."

"Mama, hilo tulilifanya wiki iliyopita. Na wiki ile nyingine. X ni ngapi?"

Fundi anasimamisha pasi wima. "Kumi na mbili."

"Si unajua! Sasa unaniuliza nini?"

Mvuke unapanda kutoka kwenye suruali. Anavuta kile kiti cha pili, anahamisha vitambaa vya wateja kitandani, anakaa.

"Mama? Upo? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi sema. Unataka nini, Mama yangu?"

"Nataka uje nyumbani," anasema fundi. "Si kwa msiba. Uje tu, ukae na mimi. Nimechoka kula peke yangu."