Lori la Saa Nne

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliposimama mbele ya watu wa kwetu na karatasi mkononi nikawadhalilisha. Nikuambie mapema kwamba nina hasira. Nina hasira na wewe kwa tasnifu uliyoniletea juzi nikiwa msimamizi wako, na nina hasira zaidi na mimi mwenyewe, kwa sababu niliwahi kuiandika kabla hujazaliwa.

Nilikuwa msaidizi wa utafiti chuo kikuu, katika idara inayofundisha ugavi wa viwandani, yaani namna malighafi inavyofika kiwandani kwa wakati bila kuharibika. Kiwanda kimoja cha kusindika kambamiti kilituomba tukipangie ratiba ya lori la barafu litakalofuata mzigo kwenye diko la kwetu, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha mzigo, kule delta ya Rufiji. Nikatumwa mimi kwa kuwa ni mwenyeji. Nilikaa siku tatu. Mitumbwi ilikuwa ikiingia saa nne asubuhi, nikaandika: lori lifike saa nne kamili kila siku, lisisubiri zaidi ya nusu saa.

Zile zilikuwa siku za maji mafu, bahari haijai sana wala haipwi sana. Nilijua. Nilijua pia kwamba wiki inayofuata ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, na saa nne ya bamvua vijito vyote kule ni tope tupu, mtumbwi haupiti mpaka saa nane mchana. Mtoto wa delta hafundishwi hilo. Lakini niliona aya ya kupwa na kujaa ingewachekesha maprofesa, wangesema huyu bado hajanawa tope miguuni. Nikaiacha.

Bamvua likaja. Lori lilifika saa nne, likaondoka saa nne na nusu bila kitu. Mzigo ukaingia saa nane, ukaozea juani, siku baada ya siku. Wavuvi walieleza, meneja wa kiwanda akaamini karatasi yangu. Nami, badala ya kukiri, nikaandika ripoti ya pili kwamba tatizo ni uzembe wa wavuvi, nikaenda kuisoma kwenye ofisi ya kijiji, meneja akiwa kando yangu.

Shangazi yangu Bi Zaina, aliyekuwa akiwasimamia akina mama wa kuchambua kambamiti pale dikoni, aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, leo maji gani?"

Nikajibu bila kufikiri, "Bamvua, shangazi."

"Kumbe unajua," akasema. "Nilidhani chuo kimekusahaulisha, nikawa nakuonea huruma. Basi mweleze bwana huyu, kwa mdomo wako."

Sikumweleza. Ripoti ilikwisha pigwa mhuri, na meneja alikuwa ananitazama. Nikakunja karatasi, nikasema muda umekwisha. Mwezi haukuisha, kiwanda kikahamishia lori kwingine, na lile diko halikupata tena mnunuzi wa maana. Shangazi alirudi kulima mpunga bondeni akiwa mtu mzima, mgongo ukimuuma. Hakunisema tena mpaka anazikwa. Afadhali angenisema.

Sasa wewe, mtoto wa Kibiti, wilaya ya delta hiyo hiyo, unaniletea rundo la hesabu za kompyuta, na kwenye matokeo umeandika "nidhamu duni ya wavuvi." Nilipokuuliza kama umefika dikoni, ukanifungulia ukurasa mwingine wa hesabu. Sitaisaini.

Nasaha yangu ni hii. Nenda ukakae dikoni mwezi mzima, uone bamvua na maji mafu, ndipo upange saa ya lori la mtu. Unalolijua kutoka nyumbani liandike, hata kama hakuna kitabu cha darasani kilicholitaja. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mbele ya uliowakosea, kabla mhuri haujakauka. Mimi nilingoja, na aliyestahili kunisikia hayupo.

Mwenyezi Mungu akujalie kifua cha kusema nilichoshindwa kusema mimi, na utakayemkosea akusikie angali hai. Amin.